Nyama kwa Maji Matupu

Nyama ile haikuoza. Abdul-Latif alikuwa ameifunga ndani ya mfuko wa wavu na kuitumbukiza asubuhi kwenye tangi lake jipya, na jioni akakuta mfuko mtupu, fundo lake likiwa bado limekazwa. Samaki hakuwamo hata mmoja. Ndani ya tangi kulikuwa na maji, udongo mweusi, kisiki kimoja, na majani aliyoyapanda mwenyewe kwa koleo ndefu, jani baada ya jani, kwa uvumilivu ambao mkewe hajawahi kuuona akiutumia kwa jambo jingine lolote.

Wanaume wengine wakifika umri wake huoa mke wa pili. Yeye, mwenye malori yanayokwenda Juba, alijenga ziwa sebuleni kwake Luzira. Tangi lilikula ukuta mzima, kutoka mlangoni hadi dirishani. Kabati la vyombo la Sumayiya, mkewe, likahamishiwa koridoni, na Sumayiya akanuna wiki nzima. Lakini taa zilipowashwa na ule msitu ukaonekana ukiyumba chini ya maji, hata yeye aliwaita majirani waje kuona.

Video za mtandaoni zilimfundisha Abdul-Latif kwamba maji mapya huua samaki. Lazima yaive kwanza. Unaweka kipande cha nyama kioze, vijidudu vya kusafisha maji vizaliwe, na unasubiri majuma kadhaa. Basi akanunua nyama ya mbuzi. Ile ya kwanza ilipotoweka alicheka, akasema pampu imeivuta, akaweka nyingine. Nayo ikaenda. Mtu mwingine angeshtuka akaacha, lakini huyu alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Akaendelea kuweka kila siku, kwa mkono wake, na maji yakazidi kung'aa.

Majini ya watu wengine huamka usiku. Hili lilikula adhuhuri. Sumayiya ndiye aliyelisikia kwanza, akiwa jikoni anamenya matoke: gubu, gubu, gubu, mlio wa mtu anayekunywa kwa pupa. Alipochungulia sebuleni alimkuta binti yao Shamirah, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, amekaa sakafuni na paji la uso amelibandika kwenye kioo.

"Wewe naongea na nani?" Sumayiya akauliza.

"Na huyu mwenye nakula nyama," mtoto akanong'ona. "Mama, usipige kelele. Hapendi."

Sumayiya hakuona mtu. Aliona tu kwamba majani yote ya tangi yameinama kuelekea alipokaa mtoto, ilhali pampu ilikuwa ikisukuma maji upande wa pili.

Mumewe aliporudi, Sumayiya alimvuta pembeni. "Baba Shamirah, nakuomba. Toa hii kitu kwa nyumba yangu."

"Kitu gani? Maji?" Abdul-Latif akacheka. "Hii maji imeiva, we naona inavyong'aa! Kesho naleta samaki."

Akawaleta kweli, wadogo wenye rangi nzuri. Na kama wafanyavyo wafugaji wote wa samaki, akaacha kuweka nyama, maana kazi yake imekwisha. Samaki hawakuogelea. Walijibana kwenye kona moja, wakalaliana, wakakataa chakula. Adhuhuri hiyo Shamirah akaanza kukohoa.

Alikohoa maji. Si makohozi wala matapishi: maji baridi, kikombe kizima, yenye vipande vya majani mabichi. Daktari alimpima kifua akasema ni kikavu kabisa, akampa dawa ya mafua. Kesho yake akakohoa tena, na kesho kutwa. Vidole vyake vikakunjamana kama vya mtu aliyeshinda akifua nguo, nywele zake zikanuka tope hata Sumayiya alipozisugua kwa sabuni mara mbili na kuzipaka mafuta ya karafuu, na kila mama alipombeba alimwona mwepesi kuliko jana, mpaka akawa anaogopa kumbeba asije akajua ni mwepesi kiasi gani. Abdul-Latif hakucheka tena. Alianza kurudisha nyama tangini, vipande vikubwa, mapaja mazima, akiyasihi maji huku machozi yanamtoka, na sasa nyama ikabaki pale pale ikioza na kutoa povu, kwa sababu aliyekuwa akiila hakuitaka tena.

Ndipo alipompigia simu shangazi yake Fatumah, ambaye huko Bombo Wanubi wenzake humwita wakiwa na shida ya aina hii. Mama huyo alifika Ijumaa na chetezo na ubani kwenye mkoba. Hakukaa. Alilitazama tangi, kisha akamtazama Abdul-Latif.

"Ulikuwa naipa nini?"

Akamweleza. Shangazi akashika kichwa.

"Nyama mbichi, bila chumvi, bila bismillahi, kwa maji haina samaki! Latif, sisi hivyo ndivyo tunamwita jini ya maji. Huyu hakuingia, mwanangu. Ulimwalika."

"Basi msomee aondoke," Sumayiya akasema kwa sauti ya chini, mtoto akiwa mapajani.

"Mgeni ya kualikwa haondoki kwa kusomewa. Mwenye nyumba ndiye namnyima." Akamgeukia tena Abdul-Latif. "Weka mikono ndani. Sema, nimekunyima. Mara tatu. Usiongeze neno ingine hata moja."

Kwa amri ya shangazi wakatia mpira tangini, ncha ya pili wakaitoa dirishani ili maji yamwagike nje. Ubani ukajaa sebule. Abdul-Latif akazamisha mikono mpaka mabegani, maji yakianza kupungua.

"Nimekunyima," akasema. Taa za tangi zikafifia.

"Nimekunyima." Shamirah akaacha kupumua.

Na kutoka ndani ya maji, kwa sauti yake Shamirah, ile ya kuamka na kutaka uji, kukasikika: "Baba, nina njaa."

"Maliza!" Shangazi akafoka. "Nakudanganya huyo! Maliza, mtoto atarudi!"

Lakini Abdul-Latif alikuwa amegeuka, na alichokiona ni midomo ya mwanawe imekuwa ya buluu na Sumayiya anamtikisa, anamtikisa, anamwita jina bila sauti kutoka, na shingo ya mtoto inalegea mkononi mwake, na sauti inaendelea kuita Baba, Baba, na kile kilichokuwa majini kikawa kimemshika viganja kwa upole, kama mtoto anavyomshika baba yake barabarani, na akili yote ikamtoka, akabakiwa na woga wa mzazi tu.

"Mwache," akasema. "Kula mimi."

Shamirah akavuta pumzi, akaangua kilio. Sumayiya akamkumbatia akipiga kelele za kumshukuru Mungu. Shangazi Fatumah aliketi chini taratibu.

"Ilikuwa imebaki moja tu, Latif," akasema. "Moja tu, mwanangu."

Abdul-Latif aliitoa mikono. Maji yalikuwa yamekwisha na samaki walikuwa wakirukaruka kwenye tope.

"Mama Shamirah, beba mtoto," akasema polepole, kama mtu anayetafuta maneno kabla hayajamtoroka. "Nendeni Bombo na shangazi. Funga kufuli kwa nje. Nikisema nini, usifungue."

Sumayiya alikataa. Mumewe akamsukuma nje ya mlango kwa mkono uliokuwa baridi kupita kiasi, akajifungia.

Shangazi alikwisha kumpeleka mtoto garini. Sumayiya alipomaliza kubana kufuli kwenye mlango wa chuma, mtu akagonga kutoka ndani.

"Mama Shamirah." Ilikuwa sauti ya mumewe, ile ile ya upole ya kila akirudi kutoka kwenye malori. "Fungua. Nina njaa."

Tangu waoane, mume huyo hakuwahi kusema ana njaa akakosa chakula. Sumayiya alimtazama binti yake, aliyekuwa akimpungia mkono kutoka dirisha la gari, akaurusha ufunguo kwa nguvu juu ya paa la jirani. Kisha akakaa kizingitini, akaegemea ule mlango, akalia. Na ndani, mgongoni mwake, yule mtu naye akaanza kulia.