Wito wa Kuazima

"Fundi, wewe ulikamua shuka lini?"

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa aliuliza taratibu, miwani ikiwa imemshuka puani. Mbele yake alikaa fundi wa kuchomelea mageti, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche.

"Shuka... la nyumbani, mzee."

"La nyumbani. Ukasikia jina lako mara tatu, ukageuka, hakuna mtu."

"Ndiyo, mzee."

"Na mvuke ulikuwa umejaa chumbani?"

"Umejaa kwelikweli."

"Kwako kuna mvuke gani, mwanangu?"

Wazee wakacheka; mama mmoja kati yao akajiziba mdomo kwa leso. Nusu saa kabla, mchumba wa Cheche alikuwa amekalia kiti kilekile. Yeye ni dobi wa hospitali, na alisema hayohayo: shuka, mvuke, jina mara tatu, akakubaliwa. Kanisa lile halimtumi mtu kwenye hospitali ya wenye ukoma bila kumsikiliza peke yake, aseme aliitwa siku gani na alikuwa anafanya kazi gani. Cheche aliujua utaratibu. Alimwomba mchumba amsimulie wito wake mara nne, akaukariri kama shairi la shule. Alichosahau ni kubadilisha shuka.

Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Ujumbe ulitoka kwa Dobi, aliyekuwa kwenye benchi nje ya mlango:

"Mbona wanacheka? Umewaambia nini?"

Akaomba udhuru, akatoka.

"Umewaambia ya kwangu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe unaondoka Jumatatu. Mimi sijasikia kitu. Nimefunga siku tatu, nimepiga magoti mpaka yamechubuka. Kimya. Nikasema, kama kwa Mungu kuna foleni, basi la Jumatatu litaniacha."

"Kwa hiyo ukaniibia."

"Nimeazima."

"Anayeazima huomba, Cheche! Lile shuka nililikamua huku nalia. Kabla ya leo niliyemwambia ni wewe tu. Wewe umekwenda kulianika mbele za watu."

Cheche akatazama viatu vyake, vilivyotobolewa na moto wa kazi.

"Basi nisiende?"

"Sijui. Mimi nakwenda, hilo halibadiliki. Wewe kwanza rudi ndani useme lako, hata kama ni tupu."

"Wakinifukuza?"

"Wakufukuze ukiwa mkweli. Mwongo siolewi naye, hata angekuwa askofu."

Akarudi. Hakuketi.

"Wazee, sijaitwa. Niliyoyasema ni ya binti. Mimi nampenda, sitaki kubaki nyuma. Ndiyo hayo tu."

Mwenyekiti akavua miwani.

"Hayo ndiyo yako?"

"Ndiyo yangu."

"Hatukutumi, fundi. Mtu hatumwi na kanisa kwa sababu anampenda mtu."

"Nimeelewa, mzee."

"Ila mume wa mtumishi haombi ruhusa kwetu. Huyo anaomba kwa mtumishi mwenyewe. Haya toka, wengine wanasubiri."

Mlango haukuwa umefungwa vizuri. Cheche alipotoka, Dobi alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimekuudhi sana?"

"Sana. Na bado."

"Sasa mimi nisubiri mpaka lini?"

"Leo Jumanne. Matangazo yetu ya ndoa yalishasomwa. Kanisa liko wazi Jumamosi. Ila viatu hivyo usinivalie."

Walifunga ndoa Jumamosi asubuhi, mbele ya watu kumi na wawili, na Jumatatu wakapanda basi.

Kule Cheche hana cheo. Anachomelea vitanda, anawatoa wagonjwa nje waote jua, anawakatia kucha wasio na vidole vya kushikia mkasi. Mwanzoni alikuwa akinawa mara tatu tatu. Siku hizi anasahau. Mgeni akimuuliza aliitwa lini, hujibu:

"Mimi? Bado. Nimemsindikiza mke wangu."

"Miaka sita unasindikiza?"

"Si njia ndefu, ndugu yangu."

Kisha hugeuka, maana kuna mzee kitanda cha dirishani anataka kulazwa ubavu wa pili.