Mikeka ya Mjomba Zefania

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Leonia alianika dagaa mchangani Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika, pamoja na mama yake, Bibiana. Baba yake alifariki zamani, na biashara hiyo ndiyo iliyowalisha. Lakini siku hizi Leonia alianika peke yake. Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akifukuza kunguru kwa maneno tu, maana mgongo haukumruhusu kuinama.

Mgongo huo ulianza kuuma wakati wa masika. Majirani walimkanda kwa mawese ya moto, wakasema ni uzito wa matenga. Kisha siku moja mama akapiga chafya, ubavu ukavunjika. Mtu kuvunjika ubavu kwa chafya! Ndipo akapelekwa Dar es Salaam kwa treni, akapimwa damu na mkojo, akachomwa sindano kwenye mfupa wa nyonga. Alirudi na vidonge na jina la ugonjwa: saratani ya uboho.

"Ndiyo nini, mama?"

"Ugonjwa wa ndani ya mifupa. Wamesema hauponi."

"Sasa vidonge ni vya nini?"

Mama alitazama ziwa. "Hata mimi sijui, mwanangu."

Leonia alichanganyikiwa kabisa. Kama mama anakufa, mbona anakula ugali na kumtania? Na kama ugonjwa wenyewe hauponi, hivyo vidonge vinafanya kazi gani? Darasani, mwalimu alipomuuliza mji mkuu wa Zambia, alijibu, "Uboho." Darasa zima likacheka.

Jumamosi ikafika boti kutoka kijiji cha Mwamgongo. Akashuka mjomba Zefania, kaka yake mama, pamoja na mama wadogo wawili. Walileta mikeka, sufuria kubwa na unga wa muhogo. Leonia aliutambua mzigo ule. Ni mzigo wa matanga. Habari kwamba ugonjwa hauponi iliwafikia, nao wakaja kulia mapema.

Basi mama akawapikia watu waliokuja kumlilia. Mama wadogo walifuta machozi, kisha wakaomba chumvi.

Baada ya kula, mjomba alisema, "Leonia nitaondoka naye. Atakaa kwangu."

"Na shule, mjomba? Niko darasa la sita."

"Shule itasubiri. Mama yako mgonjwa."

Leonia akashindwa kuvumilia. "Lakini mama atakufa lini?"

"Mtoto huyu hana adabu," alisema mama mdogo Marsiana.

"Mwache," mama alisema. "Mimi mwenyewe sikuuliza. Daktari alieleza, mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikiomba tu anyamaze. Niliogopa."

Jumatatu wote walikwenda kuuliza hospitali ya Kigoma, kwa Daktari Telesphory, wakiwa na karatasi za vipimo vya Dar es Salaam.

"Damu hutengenezwa kwenye uboho," alieleza. "Huko chembe fulani zimeharibika. Zinaongezeka ovyo na kudhoofisha mifupa. Dawa za leo haziumalizi ugonjwa, ila zinaweza kuutuliza."

"Kwa muda gani?" mama aliuliza.

"Sijui, Ndugu Bibiana, wala sikufichi. Wako waliokaa miezi tu, na wako waliokaa miaka kadhaa wakifanya shughuli zao. Tutajua zaidi tukiona mwili unavyopokea vidonge. Kunywa maji mengi, usibebe matenga, na ukipata homa uje siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu hauambukizi."

"Kwa hiyo hafi?" aliuliza mjomba.

"Sikusema hivyo."

"Basi anakufa."

"Hivyo pia sikusema."

Mjomba alivua kofia akajikuna kichwa. "Daktari, mbona unatuacha katikati?"

"Huko katikati ndiko anakoishi dada yako, mzee. Anahitaji watu wa kuishi naye huko."

Mama alilia palepale. Leonia alimshika mkono. Bado hakujua siku wala mwaka, lakini sasa alijua maji, homa na matenga, na hayo aliyaweza.

Waliporudi Katonga, mjomba alimwita Leonia.

"Utabaki, usome. Marsiana atakaa hapa abebe matenga. Na nikuambie, mpwa wangu: sisi wakubwa tulikimbilia mikeka kabla ya kuuliza. Swali likikutisha, mpelekee anayejua, hata kama jibu lake halitakufurahisha. Tungefanya hivyo mapema, tusingekuja kukutoa shule."

Kisha akaanza kukunja mikeka.

"Hiyo iacheni," mama alisema.

"Ya nini tena?"

"Dagaa wetu wana mchanga. Tutawaanika juu yake. Siku yangu ikifika, mtaleta mingine."