Nyayo za Waliouawa Mtangani

Zama zile liwali wa Mtangani alipokuwa akitoka barazani kwa siwa na ngoma, na wenye majumba wangali wakihesabu watu pamoja na pembe na karafuu, wanawake watatu waliuawa vichochoroni kwa jambia. Wote walikuwa watumwa walioachwa huru. Mji ukanena: huyu kasema wivu wa mume, yule kasema jini, wengi wakasema wizi. Basi akakamatwa Farjala, hamali maskini aliyeikuta maiti ya tatu, akahukumiwa kukatwa kichwa Ijumaa baada ya sala.

Bi Mwanamize, mwosha maiti, alipata habari hiyo. Ndiye aliyewaosha wale wanawake, na aliona jambo. Lakini mwosha ana mwiko wake: alionalo kitandani pa kuoshea huenda nalo kaburini. Mama yake alimwapisha hivyo, na mwosha mwenye mdomo haitwi tena.

Ijumaa asubuhi alijitanda shela, akaenda barazani mbele ya liwali.

"Bwana mkubwa, Farjala si mwizi. Marehemu wote niliwavua vipuli vya dhahabu kwa mikono yangu hii."

"Basi kilichoibwa ni nini?"

"Mitalawanda yao, bwana. Na nyayo zilichanjwachanjwa."

Kila mtu barazani alijua kwamba mtumwa hutembea peku, na kwamba wale wanawake walipopata uhuru, kitu cha kwanza walichonunua ni viatu vile vya mti, wakapita navyo ko-ko-ko mbele ya milango ya mabwana zao wa zamani.

"Wamtaja nani, Bi Mwanamize?"

"Simjui, bwana. Najua tu ni mtu aliyeuchukia mlio ule. Farjala naye alikuwa mtumwa, atauchukiaje?"

Wenye majumba walitazama chini. Liwali akaamuru hamali afunguliwe minyororo. Muuaji hakutajwa, wala hajajulikana hata leo. Kuta za majumba yale zilikuwa nene.

Bi Mwanamize hakuitwa tena kuosha. Aliishi kwa kusuka mikeka, na uchungu ulimkaa moyoni. Mwosha huoshwa, wahenga walisema. Je, yeye nani angemwosha?

Siku alipofariki, mtaa ulisikia kabla haujaona. Ko-ko-ko, wanawake walioachwa huru walikuja na mitalawanda miguuni, wakaivua mlangoni pake, wakaingia kumwosha.