Dorkas na Kompyuta Iliyochelewa Kuamka

Ilikuwa Jumamosi asubuhi kule Gonja, milimani Upare. Dorkas alikuwa uani akichambua maharage. Kando yake, mama mkwe wake, Bibi Beatha, alikuwa ameketi akiota jua. Mara bibi akaanza kucheka peke yake.

"Nimekumbuka shemeji yangu alivyopotea na mbuzi kwenye ukungu," alisema.

"Subiri kidogo, mama. Usianze," Dorkas alimwambia. Akaacha maharage, akaingia ndani kuwasha kompyuta yake ya mpakato.

Dorkas alikuwa mwalimu wa chekechea. Kwa muda mrefu alikuwa akiandika hadithi za mama mkwe wake, kwa Chasu, lugha ya Wapare, na kwa Kiswahili. Simu ingeweza kurekodi sauti, lakini yeye alipenda kuandika papo hapo. Neno geni likipita, aliuliza maana yake pale pale.

Kompyuta iliwaka, kisha ikakaa. Kiduara kikazunguka kwenye kioo. Ndani ilisikika sauti ya kukwaruza, krr, krr. Dorkas alirudi uani, akamaliza maharage, akayabandika motoni. Alipochungulia, kiduara kilikuwa bado kinazunguka. Kompyuta ilipofunguka, Bibi Beatha alikuwa amesinzia. Alipoamka, hamu ya kusimulia ilikuwa imemtoka.

"Hiyo kompyuta imezeeka," alisema Anold, mume wa Dorkas. "Tuachane nayo. Tutatafuta nyingine Mungu akijalia."

"Sawa, imezeeka. Lakini ndani yake kinachochoka ni nini?" Dorkas aliuliza.

Anold alifikiri kidogo. "Labda ina virusi."

Dorkas alitafuta virusi, hakuviona. Alifuta picha nyingi, lakini kompyuta haikubadilika. Swali lake likabaki pale pale.

Kesho yake, baada ya ibada, Jenifer alifika. Jenifer alikuwa binti wa jirani yao, naye alikuwa fundi wa kompyuta mjini Same. Alikuwa amepanda Gonja kumsalimia mama yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za Same?"

"Nzuri, bibi. Joto tu."

Dorkas alimweleza shida ya kompyuta, akaiwasha. Jenifer aliinamisha sikio karibu nayo. "Unasikia, dada Dorkas? Sauti hiyo inatoka kwenye diski. Hapo ndipo kazi zako zote zinapokaa. Ndani kuna sahani inayozunguka, na mkono mdogo unaotembea juu yake kutafuta unachotaka."

"Kama santuri," alisema Bibi Beatha.

Jenifer alitabasamu. "Inakaribia sana kufanana na santuri, bibi. Sasa fikiria mkono huo unaruka huku na huko, unatafuta vitu vingi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kompyuta inachelewa."

"Kwa hiyo kilichochoka ni hiyo sahani tu, si kompyuta nzima?" Dorkas aliuliza.

"Hebu tuone." Jenifer aliipima diski, na uso wake ukabadilika. "Diski hii imeanza kuharibika. Una nakala ya hadithi zako mahali pengine?"

Dorkas alitikisa kichwa. Hakuwa amewahi kulifikiria hilo.

"Basi tusingoje. Tunakili leo."

Jenifer alichomeka flashi, wakaanza kunakili. Faili moja baada ya jingine lilipita. Lakini faili moja lilikataa. Walijaribu tena na tena, likakataa kabisa. Ilikuwa hadithi ya Bibi Beatha aliposhuka tambarare akiwa msichana, kumtafuta dada yake kwenye mashamba ya mkonge. Dorkas akaanza kufuta machozi.

"Unalia nini?" bibi alimuuliza kwa upole. "Mimi si nipo? Lete karatasi."

Alasiri ile ile bibi alisimulia upya, na Dorkas akaandika kwa mkono.

Jenifer aliporudi tena Gonja, alileta diski ya kubadilisha ile mbovu, ya aina nyingine inayoitwa SSD. Ilikuwa nyembamba na nyepesi. Dorkas aliigeuza mkononi.

"Hii nayo ina sahani?"

"Haina. Hakuna kinachozunguka. Inahifadhi vitu kwa umeme, kama kadi ya kumbukumbu ya simu. Kwa hiyo haina haja ya kutafuta kwa mkono. Niliangalia kwanza kama inaingia kwenye kompyuta yako, na kama nafasi yake inatosha. Ziko za maumbo tofauti, si kila moja inafaa."

"Itafanya intaneti iwe na kasi?" Anold aliuliza.

"Hapana, shemeji. Intaneti ni jambo jingine. Lakini kompyuta itawaka upesi, na faili zitafunguka upesi."

Jenifer alizima kompyuta, akachomoa waya wa umeme, akatoa betri. Kisha akagusa chuma cha dirisha.

"Hapo umefanya nini?" Dorkas aliuliza.

"Mwili unaweza kubeba umeme mdogo usiousikia. Umeme huo unaweza kuua vifaa hivi. Nikigusa chuma, unaondoka."

Alifungua skrubu kwa bisibisi, akaziweka kwenye kisahani zisipotee. Alitoa diski ya zamani, akachomeka mpya taratibu bila kulazimisha. Baadaye aliweka programu mpya, akarudisha hadithi kutoka kwenye flashi.

"Flashi hii itunze," alisema. "SSD nayo ipo siku itakufa, tena pengine bila kutoa sauti. Ukiandika hadithi mpya, inakili humu pia."

Dorkas alibonyeza kitufe. Kioo kikawaka, na kabla hajavuta kiti vizuri, kompyuta ilikuwa tayari. Aliizima, akaiwasha tena, apate kuona kama ni kweli.

Tangu hapo Bibi Beatha hakuambiwa tena asubiri. Jioni moja, Anold akirudi shambani, alimkuta mama yake akisimulia jinsi alivyokutana na mumewe mara ya kwanza, gulioni Hedaru. Anold alisimama, jembe begani.

"Mama, hii mbona sijawahi kuisikia?"

"Wewe uliniuliza lini?"

Anold alitua jembe. Akavuta kigoda, akaketi karibu na mama yake.

"Baba alikuwa amevaa nini siku hiyo?" aliuliza.

Bibi akajibu, na Dorkas akaandika.