Maneno Kumi Yasiyotoka Chumbani

Ko. Ko. Ko.

Dirisha lilikuwa bado jeusi, lakini sauti ile ilikwisha kuanza upande wa pili wa ukuta. Kipande cha mti kiligonga kipande cha mti, polepole, mara moja kila sekunde. Kisha kimya. Kisha mtu akanong'ona, "Nimeharakisha. Tena."

Chiriku alijifunika shuka hadi kichwani. "Mama," aliita, "mdogo wako ameanza tena kujenga nyumba."

"Mwache ajenge," mama alijibu kutoka jikoni. "Nawe ukiamka ukatandika kitanda chako, tutakuwa na mafundi wawili."

Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini watu wote walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Aliyekuwa akigonga vipande vya mti ni Mama Mdogo, aliyehamia kwao miezi miwili iliyopita akiwa na mabegi mawili na maboksi matano ya vitabu.

Mama Mdogo alikuwa akisomea kuwa mwanasaikolojia, yaani mtaalamu wa mambo ya akili na mioyo ya watu. Alikwisha kusoma chuo kikuu miaka sita. Sasa alikuwa katika mafunzo ya hospitali, na alitakiwa kukaa na wagonjwa saa mia tano chini ya jicho la msimamizi wake. Kila alichosema na mgonjwa, alikiandika baadaye neno kwa neno. Daftari lilirudi likiwa na mistari myekundu. *Hapa ulimkatiza. Hapa alitaka kulia, wewe ukamuuliza umri.*

"Miaka yote ile chuoni nilijifunza kusema," alimwambia dada yake wakinywa chai. "Sasa najifunza kunyamaza."

"Basi mchukue na binti yako huyu," mama alisema, akimwonyesha Chiriku kwa kijiko. "Mkajifunze wote wawili."

Vile vipande vya mti vilikuwa vya kipimo cha kumbukumbu: mpimaji hugonga kwa mwendo mmoja, mgonjwa naye hufuatisha. Kabla ya kuwapima wagonjwa, Mama Mdogo alitakiwa kufanya mazoezi kwa watu wazima wenye afya na kwa watoto. Mama alitia sahihi fomu, na Jumamosi moja Chiriku akaketi mezani kama mtu mkubwa. Mama Mdogo alimsomea maneno kumi: ndoo, mlima, kengele, sabuni, simba, kitambaa, daraja, chungwa, nyundo, moshi. Wakafanya mambo mengine kwa nusu saa, kisha Chiriku akaulizwa anayakumbuka yapi. Aliyataja tisa. Alisahau kitambaa, Mama Mdogo akamkumbusha.

Mama Mdogo alifunga boksi la vipimo. "Maneno haya hayatoki chumba hiki. Mtoto akija hospitali akiwa ameshayajua, kipimo kitanidanganya, nami nitamdanganya daktari. Unaniahidi?"

"Naahidi, Mama Mdogo."

Na siku ile aliahidi kwa moyo wote.

Rafiki yake Chiriku aliitwa Kalamu, kwa kuwa alikuwa akimaliza kuandika kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni. Lakini muhula huo Kalamu alipatwa na homa kali iliyompanda kichwani, akalazwa wiki tatu. Aliporudi shuleni alikuwa amekonda, na macho yake yalitazama vitu kama ya mgeni.

"Jana tulisoma nini?" mwalimu wa darasa alimuuliza.

Kalamu alifungua daftari, akalifunga. "Sijui, Mwalimu."

"Na leo asubuhi?"

Kalamu aligeuza kurasa za daftari. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Kalamu imekauka wino!" Darasa zima likacheka. Mwalimu aligonga meza, lakini maneno yalikwisha kupita.

Nyumbani kwao ilikuwa hivyo hivyo. Baba yake, fundi wa saa aliyezoea vitu vidogo kwenda sawasawa, alimtuma chumvi akarudi mikono mitupu. Alimtuma tena, akarudi na sabuni. "Huu ni uvivu," baba alisema. "Homa imeisha, uvivu umebaki." Mwalimu wa darasa ndiye aliyeandika barua ya kumpeleka hospitali.

"Alhamisi ijayo nitapimwa kumbukumbu," Kalamu alimwambia Chiriku wakiwa wamekaa kwenye ngazi za darasa. "Chumba namba saba, kwa yule dada anayejifunza saikolojia. Nikishindwa wataniandika mjinga. Baba anasema nitaondolewa shule." Alimshika mkono. "Chiriku, mimi si mjinga, sivyo?"

Chiriku alijua nani anakaa chumba namba saba. Mama Mdogo hakuwahi kuwataja wagonjwa wake nyumbani, wala hakumjua Kalamu. Chiriku akafikiria ahadi yake, halafu akautazama mkono ule mwembamba ulioshika wake.

"Wewe si mjinga," alisema. "Nitakufundisha kitu."

Kalamu hakuweza kuyashika maneno kwa kuyasikia tu. Baada ya dakika tano yalikuwa yamepotea. Basi Chiriku akayatungia wimbo wa kupiga makofi. Ndoo, mlima, kengele, sabuni! Waliimba wakienda shule, wakaimba wakirudi, wakaimba wakati wa mapumziko. Siku ya sita, mikono ya Kalamu ilianza kupiga makofi yenyewe, na maneno yakafuata mikono.

Alhamisi aliyataja yote kumi.

Jioni hiyo Mama Mdogo alirudi akiwa kimya kuliko kawaida. Alikula kidogo. Chiriku alimtazama kwa pembe ya jicho, akajisifu moyoni: nimemwokoa.

Haikupita wiki, mambo yakageuka. Hospitali ilimwandikia baba yake Kalamu kwamba kumbukumbu ya mtoto haina hitilafu. "Umeona?" baba alisema, barua mkononi. "Kichwa kizima. Ni ukaidi tu." Alimkatalia kucheza na kila jioni akamkalisha kwenye kigoda uani mpaka aseme somo la siku. Kalamu alikaa pale na kitabu mpaka giza lilipoingia.

Kisha ikaja siku ambayo Chiriku alibaki shuleni kufagia darasa, na Kalamu akarudi peke yake. Hakufika. Saa kumi na moja hayupo. Saa kumi na mbili hayupo. Majirani walitoka kumtafuta, na mama yake alitembea akiita jina lake hadi sauti ikakauka. Mchuuzi wa mkaa ndiye aliyemwona, ng'ambo ya barabara kuu ya malori, ameketi kwenye ngazi ya nyumba waliyohama miaka miwili iliyopita. Alikuwa akigonga mlango, akishangaa kwa nini mama hafungui. Mchuuzi yule aliacha biashara yake, akamvika koti lake lenye vumbi, akamleta kwa mkono.

"Umenitia aibu mtaa mzima!" baba alifoka, lakini alimpokea kwa kumkumbatia kwa nguvu. Kalamu hakujitetea. Hakukumbuka alikokuwa.

Chiriku alirudi nyumbani, akasukuma sahani ya chakula pembeni. Malori yale. Je, angegongwa? Alipanda kitandani mapema asipate mtu wa kumsemesha.

Ko. Ko. Ko.

Alfajiri iliyofuata hakujifunika shuka. Alitembea peku hadi chumba cha pili na kusimama mlangoni. Mama Mdogo aliinua macho.

"Mama Mdogo, Kalamu wa chumba namba saba ni rafiki yangu. Maneno nilimpa mimi."

Kipande cha mti kilibaki hewani. Chiriku alisubiri kukemewa, na kimya kile kilimuuma kuliko kelele. Kidogo kidogo akajikuta anasema yote: wimbo, makofi, kigoda, malori. Mama Mdogo hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, alimsogezea kiti akamfunika miguu kwa kanga.

"Umenivunjia ahadi, na imeniuma," alisema mwishowe. "Lakini na mimi nina langu. Niliona vidole vyake vikipiga mapigo mezani kila neno. Nikaona ni ajabu. Nilitakiwa kumuuliza, na kumwambia msimamizi. Nikaogopa ataniona sijui kupima, nikanyamaza." Alicheka bila furaha. "Kumbe kuna kunyamaza ambako sikufundishwa chuoni."

"Watakufukuza?"

"Sijui. Vaa viatu."

Huko hospitali, msimamizi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliwasikiliza wote wawili, kisha akachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari mrefu kwenye daftari la Mama Mdogo.

"Saa zako zote za vipimo hazihesabiki. Utaanza upya. Wenzako watamaliza, wewe utabaki nusu mwaka."

"Ndiyo, Mama," Mama Mdogo alijibu, na sauti yake ilikatika katikati. Chiriku alianza kulia.

Msimamizi alimmiminia maji kwenye kikombe, akaja kuketi karibu naye, magoti kwa magoti.

"Ulimpenda rafiki yako, hilo naliona," alisema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Kipimo kile hakikuwa mtihani wa shule. Kilikuwa kikimuuliza wapi panauma, nawe ukamfundisha kujibu hapaumi. Mtu akificha ugonjwa wake, hata daktari mwema anapita mlangoni asiingie. 'Sijui' ya kweli ingemsaidia kuliko majibu kumi ya kuibwa. Na kuja kusema leo, kabla hajapotea tena, kumemsaidia pia. Futa macho."

Kulikuwa na kipimo cha pili chenye maneno mengine, kilichofungiwa kabatini. Msimamizi alimpima Kalamu mwenyewe. Baada ya nusu saa alikumbuka neno moja.

Msimamizi alimwita baba yake akamweleza taratibu kwamba homa ilijeruhi sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya. Kwamba baadhi yatarudi na baadhi huenda yasirudi kamwe. Fundi wa saa aliinamisha kichwa. Alipofika nyumbani alikichukua kile kigoda uani, akakitia ndani, na hakukitoa tena.

Kalamu alilazwa katika jengo dogo nyuma ya hospitali, ambako wagonjwa hufundishwa kuishi na usahaulifu wao. Walimpa daftari la kuning'iniza shingoni, aandike kila jambo: amekula nini, nani amekuja, kitanda chake ni kipi. Aliyemsomea ukurasa wa jana kila asubuhi ni Mama Mdogo, aliyekuwa anaanza saa zake upya.

Jumapili Chiriku alikwenda kumwona. Mvua ilikuwa ikinyesha, na chumba kilinuka dawa ya sakafu. Kalamu aliketi dirishani akipiga makofi polepole. Ndoo, mlima, kengele, sabuni.

"Huu wimbo nimeutoa wapi?" aliuliza. "Naujua wote, lakini sijui nani alinipa."

Chiriku aliketi kando yake. "Mimi. Ni majibu ya kipimo. Nilikufundisha udanganye, na nilikosea. Nisamehe."

Kalamu aliacha kupiga makofi. Kisha alifungua daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa zamani, ule wa haraka: *Chiriku alikuja. Amesema kweli.* Akapiga mstari chini yake.

Kengele ya kuwaaga wageni ikalia. Chiriku alisimama, na Kalamu akamshika kwa mkono ule ule mwembamba.

"Njoo tena Jumapili," alisema. "Na ukinikuta nimesahau kwamba ulikuja leo, usikasirike. Wewe njoo tu."