Chukudu ya Papai na Mapera

Je, umewahi kula tunda tamu peke yako, mlango umerudishwa, huku wenzako wanacheka nje? Kama bado, msikilize Nzanzu.

Huko Kasungami, pembeni mwa mji wa Lubumbashi, Chancelvie alianza kila siku kwa kazi zilezile. Alifagia uwanja, akawasha mbabula, lile jiko dogo la makaa, kisha akamwosha uso mdogo wake Michée, aliyepiga kelele kabla maji hayajamgusa. Halafu alifungua kabati na kutoa sahani yenye maua mekundu. Aliijaza chakula, akaifunika kwa kifuniko chake, akaipeleka sebuleni kwa Nzanzu.

Nzanzu alikuwa mtoto wa kaka yake Paluku, baba yao Chancelvie na Michée, naye umri wake ulikuwa miaka tisa. Vita vilipofika Goma, mama yake alimpandisha botini pamoja na wafanyabiashara waliomjua Paluku. Yeye mwenyewe alibaki kumtunza nyanya asiyeweza kutembea. Mtoto alivuka ziwa, akalala sokoni juu ya magunia, akapanda boti nyingine, kisha lori. Njiani kote alikula biskuti. Alipofika, mkononi alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki, na ndani yake shati moja na pakiti ya biskuti zilizovunjika.

Mama Martine, mke wa Paluku, alimpokea vizuri sana. Kwa kina Mama Martine, mgeni hali uwanjani na watoto. Huketishwa sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, hupewa sahani yake yenye kifuniko, na mlango hurudishwa ili mtu asimtazame anapokula. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo alivyomfanyia Nzanzu tangu siku ya kwanza.

Nje, Chancelvie na Michée walikula kwenye sahani moja kubwa ya bati, kando ya mbabula.

"Mama! Yaya anakamata kipande kikubwa!" Michée alimshtaki dada yake.

"Muongo! Ni weye njo ulianza!"

"Mutanyamaza ama nitakula yote mimi mwenyewe?" Mama Martine aliuliza, na wote watatu wakacheka.

Ndani ya sebule zilisikika kelele hizo, na saa ya ukutani. Baada ya muda Nzanzu alitoka na sahani yake. Kifuniko kilikuwa juu, na papai lilikuwa ndani, limekatwa vizuri, halijaguswa.

"Aksanti, mama mdogo. Nimeshiba."

Kila siku alisema hivyo. Kisha alikwenda kitandani, akageukia ukuta, na ukisikiliza vizuri ungesikia biskuti ikivunjika, maana zile za safari zilipokwisha Paluku alimnunulia nyingine.

Hata watoto wa jirani walijua. Jeannot, aliyependa kuchungulia madirishani, alimwita "Patron", yaani bosi, na kumcheka kwamba anakula sebuleni peke yake kama gavana.

"Eh, Patron! Unakulaka ku salon weye moya kama gouverneur!"

Nzanzu aliinama. Aliangalia viatu vyake.

Siku moja Chancelvie aliona damu kwenye mswaki wa Nzanzu. Fizi zake zilikuwa zimevimba, na miguu yake imekuwa myembamba kama vijiti. Mama Martine alimpeleka kwenye kituo cha afya, na Chancelvie akafuatana nao. Muuguzi Claudine alimpima uzito, akamwangalia mdomoni, akatikisa kichwa.

"Huyu mutoto hakuli matunda wala mboga. Biskuti inajaza tumbo tu, haijengi mwili. Kwenu hakuna matunda?"

"Matunda? Mapapai inaanguka yenyewe kwa uwanja! Mapera tunapatia hata jirani," alisema Mama Martine. "Ni yeye njo anakataa."

"Basi mumutafutie njia. Murudi wiki ijayo. Akizidi kupungua, nitamutuma hospitali, atalala kule."

Nzanzu aliposikia "atalala kule", alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Hakulia. Alishika tu, kama mtu aliye ndani ya boti. Chancelvie aliiona mikono ile, akasema moyoni: hatalala mahali pengine tena. Nitamfanya ale.

Kesho yake alinawa mikono kwa sabuni, akaanza kazi. Alikata ndizi ikawa mdomo, mapera yakawa macho, nyuzi za embe zikawa nywele. Nzanzu alifunua sahani, akautazama uso ule.

"Iko muzuri," alisema kwa adabu, akarudisha kifuniko.

Siku iliyofuata Chancelvie alichonga boti kutokana na nusu ya papai. Mbegu nyeusi alizipanga ndani zikawa abiria. Alijivunia sana boti hiyo. Nzanzu aliziangalia zile mbegu kwa muda mrefu.

"Bantu balikuwa bengi kupita hawa," alisema polepole, akiwakumbuka watu waliojazana botini, akaifunika.

Chancelvie alitoka na sahani. Jioni alimfuata baba yake. Paluku alikuwa ameketi mlangoni, maana depo yake, ghala la maharagwe, ilikuwa tupu. Tangu vita, hakuna gunia lililofika kutoka mashariki.

"Baba, watoto ba kule Goma banapendaka nini?"

Paluku alifikiri, kisha akatabasamu kidogo. "Chukudu! Ni kama trottinette kubwa ya mbao, ya magurudumu mawili na usukani. Inabeba makala ya kupikia, viazi, kila kitu. Ikiteremuka mlima, mutoto anapiga goti juu yake na upepo unamupiga. Mimi na baba yake Nzanzu tuliangukaka nayo ndani ya mufereji." Alichora chukudu kwa kidole kwenye vumbi.

Asubuhi Chancelvie alikata papai vipande virefu vikawa mbao. Mapera aliyakata mviringo yakawa magurudumu, na mbegu zake za katikati zilionekana kama kitovu cha gurudumu la kweli. Aliviunganisha kwa vijiti vyembamba vya mwanzi alivyovichemsha kwanza. Juu yake aliweka mzigo wa ndizi. Mwenyewe alimeza mate.

Nzanzu alifunua sahani. Macho yake yalipanuka.

"Chukudu!" Kisha akakunja uso. "Lakini haiko vile. Gurudumu ya mbele iko mbali zaidi. Hii itaangusha mutu!"

"Tengeneza basi, fundi!"

Alichomoa gurudumu, akalisogeza mbele, akainua usukani. Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko chake kusikika katika nyumba ile. Kisha, kwa haraka, alibeba sahani na kutoka nje mwenyewe, bila kifuniko, akaenda hadi kando ya mbabula.

Michée aliruka. "Eh! Ni motokari gani hii?" Hakungoja jibu. Alichomoa gurudumu la nyuma, akalitia mdomoni.

Nzanzu akatabasamu mpaka meno yakaonekana yote.

"Michée!" Mama Martine alifoka. "Weye mutoto hauna haya? Unakamata chakula ya mugeni! Nzanzu, mwana wangu, pole. Rudia ku salon, ukule muzuri."

Tabasamu lilizimika. Nzanzu aliinama, akachukua sahani, akarudi ndani. Mlango ulirudishwa. Saa ya ukutani ikasikika.

Chancelvie alisimama na kisu mkononi. Sasa alielewa.

"Mama, si matunda njo anakataa."

"Anakataa nini basi?"

"Ile salon. Umeona Nzanzu alivyocheka wakati Michée alimunyang'anya? Sisi tunakula pamoja, yeye tunamufungia mulango."

"Ni heshima, Chancelvie! Mugeni hakulaki chini na watoto. Bantu batasema nini?"

"Heshima ni muzuri, Mama. Lakini mugeni mpaka lini?"

Mama Martine aligeuka. Aliutazama mlango wa sebule. Kisha alifuta mikono kwenye kitenge, akatandika mkeka mpana kando ya mbabula, akaingia ndani. Alitoka na Nzanzu amemshika mkono. Sahani ya maua aliimimina yote, chukudu na mzigo wake, ndani ya sahani kubwa ya bati, akaweka na mapera mengine juu.

"Keti hapa, kati ya Michée na yaya yako. Lakini ujilinde, hawa ni wezi."

Michée alinyoosha mkono. Nzanzu akawahi. Gurudumu likaingia mdomoni mwake, maji ya pera yakamtiririka kidevuni, naye akanyoosha mkono tena.

Tangu siku hiyo matunda yalikuwa mchezo wa uwanja mzima. Nzanzu alikuwa fundi wa chukudu, Michée alikata ndizi kwa kijiko, na Jeannot alikuja kuomba akiwa na embe lake mkononi. Ila sheria ilikuwa moja: mikono isiyooshwa haigusi tunda. Walipomrudia Muuguzi Claudine, mizani ilipanda kidogo, na wiki zilizofuata ikapanda tena. Fizi ziliacha kutoka damu. Jioni nyingine simu ya kumpigia mama yake Goma haikupita, na Nzanzu alikaa kimya. Lakini alikaa kimya akiwa mkekani, bega lake kwenye bega la Chancelvie.

Jioni moja kama hiyo Mama Martine alimenya papai, akasema, "Watoto, mutunze hili neno. Matunda ni afya, muyale kila siku, na mukiyapamba yanapendeza zaidi. Lakini mutoto hapambiwi sahani peke yake. Anahitaji na mutu wa kula naye. Mimi nilimupa Nzanzu heshima ya mugeni, kumbe alihitaji nafasi ya mutoto." Kisha akamgeukia Nzanzu. "Na weye, mwana wangu, mbona haukusema siku zote hizo?"

Nzanzu alizungusha kipande cha pera kati ya vidole.

"Mama aliniambia, kwa bantu usiombe kitu. Useme aksanti, nimeshiba."

"Sasa hauko kwa bantu. Uko kwenu. Sema, ulikuwa unataka nini?"

Alimtazama Michée, aliyekuwa tayari anakivizia kile kipande.

"Nilikuwa nataka aninyang'anye," alisema Nzanzu. "Kama vile anamunyang'anya yaya."