Byamungu Alikuwa Ameshiba

Sandrine alikuwa na maziwa ya kutosha watoto wawili, na hilo ndilo lililoamua mambo. Binti yake mwenyewe alikuwa na miezi mitano, amenona mpaka mapaja yamejikunja. Kwa hiyo dada yake Dative alipofariki kule Buffalo, siku chache baada ya kujifungua kabla ya wakati, hakuna aliyehitaji kikao. Mtoto aliporuhusiwa kutoka hospitali, baba yake, Elisée, alimleta Louisville, akamweka mikononi mwa Sandrine, na yeye akabaki akilala sebuleni. Mtoto aliitwa Byamungu.

Mchana wa kwanza jua lilikuwa limeingia mpaka kitandani. Sandrine alikaa vizuri, akafungua kifua, akampakata mtoto. Byamungu aligeuza uso. Hakulia. Aligeuza kwa utulivu, kama mgeni aliyekula alikotoka.

"Donc huyu ni mtoto wa waziri," alitania Cikuru, mume wa Sandrine, akifunga viatu aende kazini ghalani. "Amepitia hoteli kwanza."

Sandrine alicheka. Kisha akaona kidevu cha mtoto kimelowa. Alikipangusa kwa kidole. Yalikuwa maziwa, na yalikuwa baridi.

Ikawa hivyo kila siku. Ziwa alilikataa, chupa aliikataa. Kila alipotoka usingizini alikuwa na weupe midomoni, tumbo limejaa, anacheua. Na kila siku alizidi kukonda. Kliniki walimpima, wakampima tena. Daktari akasema kama Jumatatu hatakuwa ameongezeka uzito, watamlaza na kumpitishia mrija puani, na hata hapo hakuahidi kitu.

"Anakula nini nyumbani?" aliuliza daktari.

Sandrine alikuwa na jibu, lakini halikuwa jibu la kumpa daktari.

Ijumaa asubuhi, akiwa ameshika kitasa cha mlango wa chumba, alisikia mtu ndani akimbembeleza mtoto. Haukuwa wimbo. Ulikuwa ule mguno mfupi wa Dative, aliokuwa nao tangu usichana, alipokuwa akimsuka Sandrine nywele. Alifungua. Hamkuwa na mtu. Kando ya mtoto godoro lilikuwa limebonyea, na mbele ya macho yake likainuka. Polepole. Kama mtu anayeondoka kwa uangalifu asimwamshe mtoto.

Elisée alifundisha hesabu chuoni, na habari za namna hii alizoea kuzikata katikati. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akampigia simu shangazi Nyirangabo, aliyewaongoza wanawake siku ya maziko. Shangazi aliishi Columbus, mtaa wa Linden. Alisema neno moja tu: "Mumulete."

Waliondoka Jumamosi mapema, binti akibaki na Cikuru na maziwa yaliyokamuliwa. Sandrine alikaa nyuma, karibu na mtoto. Walipoiacha Cincinnati, jua lilikuwa likimeta juu ya theluji pande zote mbili za barabara. Elisée alitazama kwenye kioo.

"Shemeji," alinong'ona. "Uko namunyonyesha?"

"Hapana."

"Niko nasikia anameza."

Sandrine naye alisikia. Mikono yake ilikuwa mapajani. Mashavu ya mtoto yalibonyea, yakajaa, yakabonyea. Alimeza. Akapumzika. Akameza. Gari zima likanuka maziwa, harufu ya mwanamke aliyetoka kujifungua. Macho ya Byamungu yalikuwa wazi, yakitazama juu. Mahali ambapo uso ungekuwa.

Elisée hakutazama tena kioo mpaka Columbus.

Shangazi Nyirangabo hakumpokea mtoto. Alishika kwanza blanketi la manjano alilofunikwa.

"Hii si ile tulipitisha?"

Kwao Kivu, mtoto mchanga akifiwa na mama, hupitishwa juu ya jeneza, akapokewa upande wa pili, ili marehemu amwone na amwachie. Siku ya maziko Byamungu alikuwa bado kwenye mashine ya joto, hospitalini. Wanawake wakapitisha blanketi lake badala yake. Lilipaswa kuzikwa.

"Dative alifuma kwa mikono yake, shangazi," alisema Sandrine. "Nilishindwa kuliacha."

"Bon. Tulimwambia, huyu ni mtoto wako, umuchukue huyu, ule utuachie. Halafu wewe ukamunyang'anya. Amefuata chake." Alimfunua mtoto mguu, mwembamba kama kidole chake. "Maziwa ya marehemu inashibisha tu. Haijengi. Muende leo."

Walifika makaburini Buffalo jua likiwa bado juu. Elisée alivua koti lake akamfunika mtoto, kisha akafukua theluji kwa mikono mitupu mpaka udongo mgumu, akalilaza blanketi na kulifunika. Walisimama huku na huku. Sandrine alimpitisha mtoto juu ya kaburi, Elisée akampokea, akamrudisha. Mume ndiye aliyetakiwa kusema. Elisée alifungua kinywa. Akamgeukia Sandrine.

"Dada," alisema Sandrine. "Ni mimi. Maziwa niko nayo. Uniachie."

Upepo ulitulia. Byamungu akalia. Kilikuwa kilio cha njaa, cha kwanza tangu azaliwe, na Sandrine alikimbia naye garini akifungua vifungo njiani. Mtoto alishika ziwa kwa nguvu mpaka akamuumiza. Midomo yake ilikuwa na joto. Sandrine alilia bila sauti, asimkatishe.

Elisée alibaki kaburini. Sandrine alimwona kwa mbali amesimama, mikono imezunguka hewa.

Alirudi baadaye, akaketi mbele ya usukani, hakuwasha gari. Shati lake lilikuwa kavu mabegani, kavu mikononi. Kifuani tu lilikuwa limelowa, mahali pawili, duara mbili zinazolingana. Kila mama aliyenyonyesha anajua alama hiyo. Humbakia mtu uliyemkumbatia maziwa yakiwa yamejaa. Dative alikuwa akilingana na Elisée kimo.

"Shemeji," Sandrine alinong'ona. "Ni theluji?"

Elisée alitikisa kichwa. Nje maji yote yalikuwa yameganda. Kwenye shati lake mvuke ulikuwa bado unapanda.